Kihansi: Ukiruhusiwa Kuingia, na Usiporuhusiwa

Maporomoko ya Kihansi si mahali pa kupitia njiani, kupiga picha na kuondoka. Yako kwenye mteremko mkali wa milima ya Udzungwa, upande unaotazama bonde la Kilombero, na jirani yake ni mitambo ya umeme ya TANESCO yenye uwezo wa megawati 180. Anayeingia huko ni mwenye shughuli. Kama shughuli yako ni kutazama tu, huenda ukakubaliwa na huenda ukakataliwa. Vyovyote iwavyo, soma haya kabla hujapanda gari.

Omba kibali kwa maandishi, na uombe mapema. Mitambo ina wenyewe, korongo la maporomoko nalo lina wenyewe: huku shirika la umeme, kule NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Usidhani ukishakubaliwa na mmoja umekubaliwa na wote. Usifike getini mkono mtupu ukitegemea kujieleza, na usimpigie simu mjomba aliyeko wizarani. Mlinzi akikwambia urudi, rudi. Ukimpa "ya soda" akakufungulia, wewe utakwenda zako Dar es Salaam, naye atabaki kuulizwa.

Usije ukitarajia maji ya kutisha. Huko juu mto umezuiwa kwa bwawa, wala si bwawa kubwa; nguvu ya Kihansi imo kwenye kimo. Maji huingizwa handakini, yakashuka zaidi ya mita 800 hadi kwenye mashine tatu zilizo chini ya ardhi, kisha yakatoka kuelekea Kilombero. Mitambo ilipoanza kazi, mwishoni mwa 1999 na kuingia 2000, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakidondoka korongoni yalihamia huko. Yaliyobaki yameachwa kwa makusudi, kwa kipimo. Kwa hiyo usimwombe mwenyeji wako "afungulie kidogo" upate video. Wapo wanaoomba hivyo, tena bila aibu.

Safisha viatu. Hapa sina mzaha. Sugua tope lote kwenye soli kabla ya safari, ungali nyumbani, na usisahau mikunjo ya suruali, miguu ya kamera na fimbo yako ya kutembelea. Ukifika ukaambiwa ukanyage kwenye dawa, kanyaga mpaka dawa ifike kila pembe ya kiatu, hata kama buti ni jipya na limekugharimu. Usiseme umeshanawa hotelini.

Sababu yake ni hii. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi umeshaanza kujengwa. Hajawahi kuonekana akiishi porini mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta 2 hivi za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika, na majani yakaanza kukauka. Novemba 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Bronx Zoo, Marekani, wakazalishwe huko. Korongoni kukawekwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya manyunyu ya asili. Mambo yakaonekana kutengemaa, idadi ikapanda. Halafu katikati ya 2003 vyura wakaanza kufa, na kufikia mwanzoni mwa 2004 waliosalia walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Miongoni mwa waliokufa kulikutwa kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya chura, ngozi ambayo kwake ni mlango wa maji na hewa. Wapo pia walionyooshea kidole tope lenye viuatilifu lililoshuka bwawa liliposafishwa. Hakuna aliyethibitisha kuvu huyo aliingia kwa njia gani. Lakini husafiri kwenye tope na unyevu, na kiatu kina vyote viwili. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Akarudishwa. Mwaka 2010 vyura 100 walipokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka Marekani, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa tena korongoni. Baada ya gharama na jasho lote hilo, wewe unalalamika kusugua soli dakika tano?

Usimshike chura, wala usimfukuze upate picha nzuri. Hafikii sentimita 3, ana rangi ya manjano ya dhahabu, na huzaa watoto waliokwisha kamilika badala ya kutaga mayai. Mafuta ya kujikinga na mbu uliyojipaka mikononi yanatosha kumdhuru. Kumtia kwenye chupa uondoke naye ni kosa la jinai. Biashara yake kimataifa imepigwa marufuku. Hata kahawa pori ya Kihansi, iliyopewa jina la korongo lenyewe, iache na mbegu zake.

Pita ulikoelekezwa. Mabomba ya kunyunyizia ni membamba. Ukiliegemea moja likaachia, kipande cha makazi kitakauka huku wewe ukiomba radhi.

Usioge mtoni chini ya mitambo. Usitie hata mguu, usifue, usikae kwenye mwamba mkavu katikati ya mto kula chakula chako. Maji ya mto wenye mitambo hayafuati mvua unayoiona. Mashine ikiwashwa, maji hupanda ghafla chini yake. Ikizimwa au bwawa likijaa, huenda yakapita njia ya zamani uliyodhani imekufa. Mwamba ulio mkavu saa nne huenda saa tano ukawa chini ya maji, nawe hukusikia ngurumo wala hukuona wingu. Ukiambiwa uondoke, ondoka kwanza, uulize baadaye. Watoto washikwe mkono.

Droni, iache nyumbani. Mitambo usiipige picha bila ruhusa.

Usianze porojo za "umeme au chura". Kila umeme unapokatika huwa hakosi mtu wa kumlaumu chura wa Kihansi. Ukiwa kule nyamaza, au uliza hesabu. Maji anayoachiwa chura ni sehemu ndogo ya mto, na hayamwagiki bure: yanaungana tena na yaliyopita kwenye mashine, yanaingia Kilombero, kisha Rufiji, na huko yanapita kwenye bwawa la Julius Nyerere. Anayesema yamepotea hajafungua ramani.

Ukikosa kibali, usizunguke kwa njia za vichakani. Nenda maporomoko ya Sanje. Yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mita 170 hivi za maji yasiyochepushwa, na barabara ya Mikumi kwenda Ifakara inapita karibu. Anzia makao ya hifadhi, Mang'ula: lipa kiingilio, chukua muongozaji, panda asubuhi kabla ya jua kali. Na viatu visafishe huko pia.