Saa za Maabara Zinazohesabika: Kujifunza Ulinzi wa Kompyuta kutoka Mbulu na Hanang

Wakulima wa ngano wa Basotu, wilayani Hanang, wanaijua vema desturi ya mashine ya kuvunia ya kukodi. Siku inapofika shambani, wakulima wengine huwa wamekwisha panga foleni kuisubiri. Ambaye bado anatafuta magunia na vibarua huiona ikienda kwa jirani. Mwanafunzi anayesomea ulinzi wa kompyuta kwa njia ya intaneti yumo katika hali iyo hiyo, ila mashine yake yeye haionekani kwa macho, na muda wake humpita kimya kimya.

Elimu ya ulinzi wa kompyuta haipatikani kwa vitabu peke yake. Mwanafunzi hupewa kundi la kompyuta zilizowekwa kasoro kwa makusudi, naye huzishambulia kama mwizi angalivyozishambulia, ili ajue mlango ulio wazi ni upi na jinsi ya kuufunga. Kompyuta hizo aghalabu ziko ng'ambo, na hufikiwa kwa njia fiche ya mawasiliano iitwayo kwa herufi VPN. Mojawapo ya hati zinazotafutwa sana katika fani hii ni OSCP, itolewayo na kampuni ya OffSec. Kozi yake pamoja na maabara ya siku 90 na nafasi moja ya mtihani huuzwa kwa zaidi ya dola 1,500 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu. Kwa mwalimu au mtumishi wa halmashauri, hiyo ni akiba ya muda mrefu.

Kabla ya kulipa, msomaji yampasa aulize jinsi muda unavyohesabiwa. Baadhi ya watoaji huhesabu saa za matumizi tu: ukifunga kompyuta, saa nayo inasimama. Wengine huhesabu kwa kalenda, na kalenda haijui kwamba umeme umekatika Katesh.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari wa Mbulu mjini mwenye siku 90 za kalenda. Siku hizo ni saa 2,160. Tuseme hupata saa 2 kila jioni katika siku tano za kazi, na saa 5 siku ya Jumamosi, yaani saa 15 kwa juma. Katika majuma 13 hivi atapata saa 195, ambazo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya muda alioulipia. Umeme ukikatika jioni moja kila juma, saa 26 zinatoka, zinabaki 169. Ukigawanya fedha alizotoa kwa saa hizo, kila saa imemgharimu zaidi ya shilingi 20,000.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuongoza katika mengine yote. Kazi yoyote inayoweza kufanyika nje ya saa hizo 169 haina budi kufanyika nje. Amri za Linux, anwani za mtandao, namna ya kuandika programu fupi kwa lugha ya Python: haya ni ya kujifunza miezi mitatu au minne kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Kujifunza kunakili faili kwa saa ya shilingi 20,000 ni ubadhirifu.

Tena, mwanafunzi anaweza kujijengea maabara yake ndogo nyumbani. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutosha kuanzia. Programu ya VirtualBox huwezesha kompyuta moja kubeba nyingine za kufikirika ndani yake. Moja huwekwa Kali Linux, mfumo wa bure uliotolewa mwaka 2013, nao una zana za upimaji. Nyingine huwekwa Metasploitable, ambayo ilitengenezwa makusudi ikiwa na kasoro za kufanyia mazoezi. Mafaili haya ni ya gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ni busara kuyapakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, Arusha au Babati mathalani, na kuyabeba katika flashi. Jambo moja lisisahauliwe: kompyuta yenye kasoro iwekwe katika mtandao wa ndani usiotoka nje, ama sivyo utakuwa umemwachia mlango wazi mpita njia.

Hapa hatuna budi kugusia jambo zito. Mwanafunzi aliyeishiwa muda huweza kushawishika kufanyia mazoezi kompyuta za hospitali, za chama cha akiba na mikopo au za shule yake, akijiambia kuwa haharibu kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi na bila idhini katika mfumo wa kompyuta wa mwingine, na adhabu yake ni faini au kifungo, au vyote viwili. Nia njema ya mwanafunzi haigeuki kuwa idhini. Maabara ya nyumbani, hata ikiwa ndogo namna gani, humwepusha na mtego huo.

Sasa tuitazame njia yenyewe ya mawasiliano. Wengi hulalamika kwamba mtandao hauna kasi, na mara nyingi hulaumu kiasi cha data. Lakini kuna kikwazo kingine, nacho ni umbali. Nuru husafiri ndani ya uzi wa kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa seva iko umbali wa kilomita 10,000 za kebo, swali na jibu lake hutumia sehemu moja ya kumi ya sekunde hata kama njia ni safi kabisa. Ukiongeza mnara wa simu uliosongamana jioni, muda huo huweza kufika sehemu tatu za kumi. Ni kidogo, msomaji atasema. Lakini fikiri kuhusu kazi ya kujaribu maneno ya siri 10,000, moja baada ya jingine: kwa sehemu tatu za kumi kila moja, ni sekunde 3,000, yaani dakika 50. Kununua bando kubwa zaidi hakutapunguza hata dakika moja.

Dawa yake, ikiwa kanuni za mtoaji zinaruhusu, ni kukodi seva ndogo iliyo karibu na maabara na kuiweka humo zana zote, kisha kuiongoza kutoka Mbulu kwa maandishi matupu. Maandishi hula data kidogo mno kuliko picha ya skrini nzima. Na kuna faida ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko zote: programu ya tmux huiacha kazi ikiendelea katika seva hiyo hata mawasiliano yakikatika. Umeme ukizimika Haydom saa 3 usiku, upekuzi wa milango yote 65,535 ya kompyuta lengwa hausimami. Kesho yake utakuta majibu yamehifadhiwa katika faili.

Kwa habari ya umeme wa akiba, hesabu ni nyepesi. Kompyuta ya mkononi na kifaa cha intaneti hutumia pamoja wati 55 hivi. Betri ya asidi ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kuimaliza zaidi ya nusu, nayo inveta hula sehemu yake. Zinabaki kama 510. Hizo ni saa 9, zinazotosha jioni nne.

Uchaguzi wa tarehe ya kuanza nao una uzito. Maabara ikifunguliwa mwanzoni mwa Juni, siku 90 huisha mwishoni mwa Agosti, wakati wa kiangazi, na mwalimu hupata pia likizo ya katikati ya mwaka. Miezi ya mvua ni ya mashaka. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Katika siku kama zile hakuna anayefikiri juu ya masomo, na maabara haijui. Hata mbali na mvua, tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Mwanafunzi aache majuma mawili ya akiba katika mpango wake, asiyapangie kitu.

Katika jioni ya saa 2, nusu saa ya kwanza itumike kusoma majibu ya upekuzi wa jana, saa moja kushambulia, na nusu saa ya mwisho kuandika na kuanzisha upekuzi wa kesho. Akikwama kwenye kompyuta moja kwa jioni tatu, aiache, aende nyingine. Uandishi usiahirishwe. Kila amri iliyofanikiwa na kila picha ya skrini ihifadhiwe katika kompyuta yake mwenyewe siku ile ile, kwa sababu siku ya 91 mlango umefungwa na hawezi kurudi kuipiga tena.

Mazoea hayo ya kuandika ndiyo yatakayopimwa. Mtihani wa OSCP huchukua saa 23 na dakika 45, mtahiniwa akitazamwa kwa kamera, kisha hupewa saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Kwa mtihani huo betri moja haitoshi: wati 55 kwa saa 24 ni wati-saa 1,320, yaani betri tatu za namna ile, pamoja na laini ya simu ya kampuni ya pili. Asiyeweza kuzipata hizo ni afadhali apande basi siku mbili kabla, akodi chumba Arusha penye jenereta, na ajaribu kamera na mtandao wa hapo usiku ule wa kwanza.