Mtandao Bila Bando: Kompyuta Mbili, Waya Mmoja

Tumezoea kusema "hakuna mtandao" tukimaanisha bando limeisha au mnara wa simu una hitilafu. Mazoea hayo yanatukosesha mengi. Ndani ya nyumba yenye kompyuta mbili, mtandao ni waya tu kati ya hii na ile, na ukishaununua haukudai hata senti. Shemeji yangu hupiga video za harusi na sendofu. Kwa miaka alihamisha kazi zake kutoka laptopu kwenda kompyuta ya mezani kwa flashi ya GB 16, akikatakata video vipande ili ienee, na mara kwa mara flashi ilimletea kirusi kile kinachoficha mafolda yote na kukuachia shotikati tupu. Mwezi uliopita tuliketi sebuleni tukaunganisha mashine zake kwa jioni moja. Ukiwa na kompyuta mbili nyumbani, fanya hivi.

1. Anza na waya. Dukani omba kebo ya mtandao aina ya Cat5e au Cat6. Pima kwanza kwa kamba ukifuata kona za ukuta, kisha ongeza mita 1 au 2. Kikomo chake ni mita 100, kwa hiyo nyumba ya kawaida haina shida. Usiipitishe kwenye mlango unaofungwa, maana itabanwa kila siku hadi ikatike kwa ndani. Ukiambiwa ni lazima ununue kebo ya "krosiova", jua kwamba hayo yalikuwa ya mashine za zamani. Matundu ya siku hizi yanapanga yenyewe nani atume wapi. Kama laptopu haina tundu la kebo, nunua adapta ya USB 3 yenye tundu hilo.

2. Kikague kichwa cha kebo. Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi. Kebo yetu ya kwanza ilifungwa vichwa palepale dukani. Taa ziliwaka, faili likapita, lakini kwa video ya GB 28 Windows ikasema dakika 42. Tulikishika kile kichwa mbele ya tochi ya simu. Plastiki yake inaonyesha ndani: nyuzi 7 zilikuwa zimefika hadi mwisho, chini ya meno ya chuma, na ule wa 8, wa kahawia, umeishia njiani, milimita chache nyuma ya wenzake.

Ndani ya kebo kuna jozi 4 za nyuzi zilizosokotwa. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia jozi 2 tu, ya chungwa na ya kijani. Gigabiti 1 inazitaka zote 4. Uzi mmoja ukikosekana, kompyuta nyingi hazitoi onyo lolote. Zinakubaliana kimyakimya kwenda mwendo wa chini. Tulipobadilisha kebo, video ileile ilipita kwa dakika 5 hivi.

Kama unafunga vichwa mwenyewe, shika kichwa, kibanio chake kikiwa upande wa chini na meno yakitazama mbele, halafu panga kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mpangilio uwe huohuo pande zote mbili. Usibane kabla hujaziona ncha zote 8 zimegusa ukuta wa mbele.

3. Zipe kompyuta anwani. Ukiunganisha mashine mbili moja kwa moja, hakuna anayezigawia namba. Baada ya muda zitajipa zenyewe anwani zinazoanza na 169.254, na zinaweza kuonana hivyohivyo, ila mimi napenda namba ninazozikumbuka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Bofya kulia kwenye Ethernet, ingia Properties, fungua Internet Protocol Version 4. Mashine ya kwanza, ile ya mezani itakayotunza mafaili, iandikie 192.168.77.1, ya pili 192.168.77.2, na zote mbili 255.255.255.0 kwenye Subnet mask. Pa Default gateway paache patupu. Ukipajaza, kompyuta inaweza kwenda kutafuta intaneti kwenye waya huu, na Wi-Fi yako itaonekana kama imekufa. Hiyo 77 ni chaguo langu tu. Ruta nyingi zinatumia 0 au 1 pale, na hatutaki kugongana nazo.

4. Iambie Windows kwamba uko nyumbani. Waya usio na ruta huonekana kama "Unidentified network", na Windows huuchukulia kama mtandao wa mgahawani: inajifungia ndani. Nenda kwenye mipangilio ya Ethernet, chagua Private. Kisha, kwenye Advanced sharing settings, washa Network discovery na File and printer sharing. Fanya hivyo kwenye mashine zote mbili.

5. Piga hodi. Fungua cmd kwenye mashine ya kwanza, andika ping 192.168.77.2. Ukiona Reply, mwenzake ameitika. Ukiona Request timed out huku taa za kwenye tundu zinawaka, usiilaumu kebo: rudi namba 4, kwa kuwa mara nyingi ni Windows Firewall iliyokataa kufungua mlango. Taa zisipowaka kabisa, hapo ndipo urudi kwenye waya.

6. Akaunti lazima iwe na nywila. Watu wengi hukata tamaa hapa, nami nawaelewa. Hodi imeitikiwa, mashine nyingine inaonekana, lakini kila ukijaribu kuingia unakataliwa. Kwa kawaida Windows haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti isiyo na nywila. Na ile PIN ya tarakimu 4 unayofungulia laptopu haisaidii, kwani inafanya kazi kwenye mashine ileile tu. Njia safi ni kutengeneza akaunti ndogo kwenye mashine yenye mafaili, iite "nyumbani" kwa mfano, uipe nywila yake. Mashine nyingine ikiuliza jina na nywila, ziandike hizo na uiambie izikumbuke.

7. Shiriki folda moja, usigawe diski nzima. Tengeneza folda, liite "Kazi", bofya kulia, Properties, Sharing, na ulifungulie ile akaunti ya "nyumbani". Kama watoto wanatakiwa kutazama tu, wape Read. Kwenye mashine ya pili bonyeza tena Windows na R, andika \\192.168.77.1 na folda litafunguka. Kama upande wa pili ni Mac, ndani ya Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.77.1.

Utakutana na ushauri wa kuwasha SMB1, mfumo wa zamani wa kushirikiana mafaili, ili mambo yaende haraka. Usikubali. Kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilienea duniani kupitia udhaifu wa mfumo huo, na Windows za sasa zimeuzima kwa sababu nzuri.

8. Kama una ruta, ni rahisi zaidi. Chomeka kompyuta zote mbili kwenye matundu ya LAN nyuma yake, uruke namba 3. Ruta itagawa anwani yenyewe, hata kama bando limeisha wiki iliyopita, nawe mahali pa namba zangu za 192.168.77 utumie zile ilizogawa. Wi-Fi nayo inafaa, na kwa simu nyingi hata hotspoti inafaa, maana faili linalotoka kompyuta hii kwenda ile haligusi bando lako. Ila kila kipande kinapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta au simu na kutoka huko, kwa hiyo kwa video kubwa utasubiri.

9. Printa iwatumikie wote. Ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mezani, fungua Printer properties, Sharing, uiruhusu. Kisha kwenye laptopu fungua \\192.168.77.1, bofya mara mbili jina la printa. Kompyuta ya mezani lazima iwe imewashwa, kwa hiyo kwenye mipangilio ya umeme izuie isilale. Sasa shemeji anaandaa kadi za mchango akiwa barazani, na zinatoka sebuleni.