Kabla Hujabonyeza Albamu ya Marehemu

Anza na tarehe mbili: siku msanii alipofariki na siku albamu ilipotoka. Rapa Notorious B.I.G., yaani Biggie, aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, na Life After Death ikaingia sokoni tarehe 25 mwezi huohuo. Siku 16 tu. Hapo usihangaike, diski mbili, nyimbo 24, kazi aliyoifanya mwenyewe. Isikilize kama albamu ya mtu aliye hai.

Sasa shika Duets: The Final Chapter, ya Desemba 2005. Sauti ni ileile, ila miaka inakaribia 9 tangu azikwe. Humo kuna wimbo yuko na Bob Marley, aliyefariki 1981 Biggie akiwa mtoto hata miaka 9 hajafikisha. Waliowakutanisha ni mafundi wa studio. Kadiri msiba na albamu vinavyoachana, ndivyo mkono wa mtu mwingine unavyozidi kuingia, na kazi yako ni kuutafuta.

Fungua orodha ya walioshiriki kila wimbo. Prodyuza huyu alikaa studio na marehemu, au kaitwa baada ya matanga? Halafu hesabu walioshirikishwa. Wakiwa wengi mno, mara nyingi marehemu aliacha vesi moja na wengine wamekuja kuziba pengo.

Kisha vaa visikizio, ufuate pumzi. Mistari iliyohamishiwa biti nyingine hujitaja: mkazo wa neno unaitangulia ngoma kidogo, anacheka pasipo na cha kuchekesha, au mstari wa vesi ya kwanza unarudi umegeuzwa kiitikio. Ukishalisikia hilo mara moja, hutaacha kulisikia.

Ila mkono wa mwingine si dhambi. Guru wa kundi la Gang Starr alifariki Aprili 2010, na mwaka 2019 DJ Premier akatoa One of the Best Yet kwa sauti alizoziacha mwenzake. Premier alimtengenezea biti tangu ujana wao. Anajua Guru anavutia pumzi wapi. Prodyuza wa kukodi angebahatisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Circles ya Mac Miller. Alitoa Swimming tarehe 3 Agosti 2018, akafariki tarehe 7 Septemba. Alikuwa tayari anafanya kazi na prodyuza Jon Brion kwenye albamu ya pili ya kuambatana na hiyo, na Brion ndiye aliyeimalizia, kwa kufuata waliyokuwa wamezungumza. Ikatoka Januari 2020. Usiirukie. Tenga jioni moja, cheza Swimming yote kwanza, nyimbo zikifuatana alivyozipanga, ndipo uingie Circles. Usiidai mistari mikali pia. Humo anaimba zaidi ya kurap, kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliyekaa kando yake.

Na kama wewe mwenyewe unarekodi, usiwaachie watu mtihani. Mwaka 2021 mwanamuziki Anderson .Paak alionyesha tatuu mkononi inayokataza demo zake zisitolewe akishaondoka. Si lazima ufike kwenye sindano. Kila faili lipe tarehe na neno moja, “tayari” au “bado”, kisha amua nani nyumbani anajua nywila ya kompyuta.