Kila Mtoto na Kazi Yake: Vidokezo 9 vya Kuandaa Maonesho ya Sanaa Shuleni

Muulize mtoto wa darasa la tatu anayechora vizuri kuwa akikua atafanya kazi gani. Atakujibu daktari, rubani au mwanajeshi. Kuchora hakumo, kwani hajamwona mtu anayelipia ada kwa brashi, au amemwona bila kujua. Hotuba ya mwalimu haitambadilisha. Maonesho yatasaidia, mradi yaendeshwe kama jumba la sanaa lenye wafanyakazi, si kama ukuta wa kubandikia picha.

1. Gawa kazi kabla ya kugawa rangi

Andika ubaoni kazi zinazofanyika kwenye jumba la sanaa: mchoraji, mchongaji, mratibu anayechagua na kupanga kazi, fundi fremu, mwandishi wa maelezo, mbunifu wa bango, mpiga picha, mwongoza wageni, mhasibu, mlinzi. Kisha kila mtoto aandike barua fupi ya kuomba nafasi anayoitaka na aeleze kwa nini anaifaa. Hapo somo la Kiswahili nalo limepata zoezi. Zaidi ya yote, yule anayeapa kwamba hajui kuchora hata kikombe anagundua kuwa sanaa ina nafasi yake pia: anajua hesabu, ana sauti, au ana jicho la kupanga vitu.

2. Simulia habari za mtu wa karibu

Watoto hawahitaji kuanzia Ulaya. Waeleze habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa zake. Waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Waulize watoto: picha moja ya tingatinga inapita mikononi mwa watu wangapi? Kuna anayekata ubao, anayepaka rangi ya chini, anayechora, anayeuza, anayemfungia mtalii mzigo wake. Watahesabu wenyewe.

Ongeza wachora katuni. Masoud Kipanya, na Gado aliyezaliwa Dar es Salaam akajijengea jina Nairobi, ni ushahidi kwamba mchoraji anaweza kufanya kazi kwenye chumba cha habari.

3. Mwalike fundi, mgeni rasmi atasubiri

Mtaa wa shule una wasanii tele: mchora mabango ya saluni, mchapa fulana, mama anayesuka mikeka ya ukindu, mpaka hina wa maharusi, mchongaji. Mwombe mmoja aje na zana zake, afanye kazi mbele ya watoto kwa nusu saa, kisha ajibu maswali. Watayarishe waulize ya maana: Ulijifunza kwa nani? Mteja akikataa kazi unafanyaje? Bei unaipangaje? Mwezi usio na wateja unakula nini? Swali hilo la mwisho lisifichwe. Mtoto akijua ugumu wa kazi, ataiheshimu.

4. Mada iwe moja, malighafi ziwe nyingi

"Soko letu" au "Safari ya kuja shule" inatosha. Ukisema "choreni chochote," utapata nyumba arobaini zenye jua pembeni. Malighafi zisikutie hofu: mkaa, udongo wa mfinyanzi, kadibodi za dukani, vifuniko vya soda, mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani. Kila mtoto atengeneze kazi mbili au tatu, kisha waratibu wachague moja ya kila mmoja. Hivyo hakuna anayeachwa nje, na waratibu wanaonja ugumu wa kumweleza rafiki kwa nini hii imeingia na ile imebaki.

5. Tundikeni kwa rula

Majumba mengi ya sanaa hutundika picha ili katikati yake iwe kwenye urefu wa macho, yaani takribani sentimeta 145 hadi 155 kutoka sakafuni. Lakini wageni wenu wengi ni wafupi kuliko hapo! Wape watoto futi kamba wapime urefu wa macho ya wenzao, watafute wastani, wakubaliane. Kamba na vibanio vya nguo vinatosha pasipo na misumari. Picha za rangi ya maji zikae mbali na dirisha la jua kali, maana hupauka. Na acheni nafasi kati ya picha na picha. Zikibanana, hakuna inayoonekana.

6. Kila kazi iwe na lebo

Mpangilio wa kawaida ni huu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo. Kwa mfano: "Mkaa na rangi ya maji kwenye manila, sm 42 × 30." Chini yake mwandishi wa maelezo aongeze sentensi mbili baada ya kumhoji msanii. Sio "picha hii ni nzuri sana." Aseme kilichochorwa kimeonwa wapi, na kwa nini punda ni wa bluu.

7. Pangeni bei, hata kama hamuuzi

Hapa hisabati inapata uhai. Tuseme picha ni shilingi 5,000. Jumba la sanaa huchukua sehemu yake, na si ajabu ikafika nusu. Nyinyi tumieni asilimia 40, yaani 2,000. Karatasi, rangi na fremu zimegharimu 1,500. Msanii anabaki na 1,500, na kama alifanya kazi kwa saa mbili, amepata 750 kwa saa. Apandishe bei? Apunguze gharama? Waache wabishane. Kibandiko chekundu kando ya lebo humaanisha "imeuzwa". Watoto watakipenda kupita kiasi. Mkiamua kuuza kweli, pateni ridhaa ya mwalimu mkuu na wazazi, na uzeni kadi zilizochapwa kutokana na picha zote, ili asiwepo anayerudi nyumbani akilia kwamba yake haikununuliwa.

8. Gusieni hakimiliki

Sheria ipo na Tanzania ina ofisi yake, COSOTA. Kwa watoto yatosha mambo mawili: weka sahihi kwenye kazi yako, na usinakili ya mwenzako ukaiita yako. Wakubwa kidogo waongezewe la tatu: anayenunua picha hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana mia.

9. Siku ya maonesho, waachieni watoto usukani

Hotuba zisizidi dakika tano. Kila mwongoza wageni apewe kazi tatu tu za kueleza, azijue vizuri. Wekeni kitabu cha wageni mlangoni. Wazazi nao wapewe kidokezo: badala ya kuuliza "Hiki ni nini?" wamuulize mtoto "Ulianzia wapi?" Swali la kwanza humnyamazisha mtoto, la pili humfungua mdomo.

Kesho yake msikimbilie somo jingine. Shusheni kazi, zikagueni kama kuna iliyochanika, hesabuni fedha mbele ya wote. Ikiwezekana, wapelekeni watoto wakaone wanaoifanya kazi hii kila siku: kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, au chuo cha sanaa cha TaSUBa kama mko karibu na Bagamoyo. Kisha muhula ujao wape tena karatasi za maombi, kwa sharti moja: hakuna kurudia nafasi ya zamani. Mlinzi aombe uratibu, mchoraji aombe uhasibu. Ni bora ajue sasa kama anaiweza kazi fulani kuliko aje kuibahatisha akiwa na miaka ishirini.