Maneno ya meli katika hadithi za zamani

SWALI: Nauza vitabu vya mtumba Mchafukoge, Dar es Salaam. Wanafunzi wanaonunua hadithi za zamani za Kiingereza hukwama kwenye maneno ya meli. Niwashauri watafute kamusi gani?

JIBU: Kabla ya kamusi, waambie waanze na Kiswahili chao, maana kimehifadhi Kiingereza cha baharini ambacho hata Waingereza wengi wamekiacha. Mwanafunzi akikuta man-of-war, asimtafute askari. Hiyo ni manowari. Steamer ni stima, chombo cha mvuke, ingawa Kenya jina hilo limehamia kwenye umeme.

Kubwa kuliko yote ni mail. Katika hadithi hizo, mtu anaweza “kupanda mail”, naye mwanafunzi wa leo akafikiria barua pepe. Ni meli! Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kuleta barua za posta Zanzibar kwa mkataba wa serikali ya Uingereza, na pwani ikakiita chombo kwa jina la mzigo wake. Awali wazee walisema merikebu ya moshi.

Kwa vyombo vya tanga, Kiingereza hakikutupa mengi, kwa sababu mabaharia wetu walikwisha kuwa na yao. Bow ni omo, stern ni tezi, na yard, inayowapoteza wengi, si uwanja bali foromali, mti unaoshika tanga. Anayetaka kuviona vitu hivi kwa macho aende ufukwe wa Feri, akamwombe nahodha wa jahazi amwonyeshe kimoja kimoja.