Kupungua bila kushinda njaa

Swali: Mkulima wa Mbinga anayetaka kupunguza uzito ale kiasi gani?

Jibu: Mwili unaonyimwa chakula kupita kiasi hula hata misuli yake, si mafuta peke yake. Kwa watu wazima wengi, kupunguza kalori 500 hivi kwa siku hutosha. Anayechimba ngoro, yale mashimo ya kilimo, kwenye miteremko ya Umatengo hutumia nguvu nyingi kuliko mwenye duka. Kumwachia uji mtupu mpaka jioni ni kumwonea. Ugali upungue matonge machache, maharage na mboga vibaki. Kule Mbamba Bay, usipa (samaki wadogo wa ziwani) wa kuchemshwa kwa nyanya na kitunguu hushibisha. Wa kukaangwa hunywa mafuta, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Mjamzito asijipunguze.