Umbo na Nguvu: Somo Kutoka Katika Kiti cha Waya

Wanafunzi wengi huamini kwamba atakaye kitu imara hana budi kuongeza chuma. Imani hiyo hugharimu mali nyingi, wala si sahihi daima. Tuipime kwa kuitazama kazi ya Harry Bertoia, mchongaji sanamu na mbunifu wa samani.

Bertoia alizaliwa Italia mwaka 1915, akahamia Marekani mwaka 1930, na baadaye akafundisha ufundi wa metali katika chuo cha Cranbrook, karibu na Detroit. Mwaka 1952 kampuni ya Knoll ilianza kuuza viti alivyovibuni, kimojawapo kikiitwa Diamond. Kiti hicho ni wavu wa fito nyembamba za chuma cha pua, zilizopindwa na kulehemiwa. Sehemu yake kubwa ni hewa tupu. Hata hivyo humbeba mtu mzima. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Shika karatasi kwa ukingo mmoja. Itainama kwa uzito wake yenyewe. Sasa ipinde kidogo katikati, iwe kama mfereji. Itasimama imara, na hata kalamu itaibeba. Karatasi haikuongezeka, lililobadilika ni umbo. Ilipokuwa bapa, ilipinga kuinama kwa unene wake mdogo tu. Ikiwa mfereji, kingo zake za juu huvutwa na sehemu ya chini hugandamizwa. Kadiri sehemu hizo zinavyoachana, ndivyo karatasi inavyokataa kuinama. Wavu wa Bertoia umepindika katika pande mbili, na viungo vyake hugawa uzito kwa fito jirani.

Kuanzia miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1978, Bertoia alitengeneza pia sanamu zenye kutoa sauti: fito za metali zilizosimamishwa juu ya kitako, ambazo zikiguswa hugongana na kulia. Hapo nako umbo ndilo liamualo. Ufito uliobanwa ncha moja ukifupishwa kuwa nusu, bila kubadili unene, idadi ya mitetemo yake kwa sekunde huwa mara nne ya ile ya awali, na sauti hupanda.

Maswali

1. Kwa nini mabati ya kuezekea hutiwa migongo?
2. Bana rula ukingoni mwa meza, uitetemeshe, kisha uifupishe. Eleza unachosikia.
3. Chagua kiti kimoja cha darasani. Ni wapi chuma chake kingeweza kupunguzwa bila kupunguza nguvu?